Seti ya Kuokea Donati ya Pinki ya The Simpsons: Trei Inunuliwe, Unga Uachwe

Seti za kuokea donati zinazoiga ile ya The Simpsons zimekuwa nyingi, na karibu zote huuza ahadi moja: kwamba mtu yeyote mwenye oveni anaweza kuitoa kwenye skrini ile pete yenye aisingi ya pinki na punje za rangi, akaiweka kwenye sahani. Niliyoitumia mimi ni ya aina ya kawaida kabisa, yenye trei ya chuma ya vishimo sita, pakiti ya unga uliochanganywa tayari, pakiti ya aisingi ya kukorogwa na maji, mfuko mdogo wa punje za sukari na karatasi ya maelekezo. Jina la mtengenezaji nimeliacha makusudi, kwa kuwa seti hizi hazitofautiani sana na upungufu nitakaoueleza si wa kampuni moja tu. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka asisubiri: trei inastahili kununuliwa, aisingi inaweza kuokolewa, na unga ni wa kuacha.

Ili kuipima kazi hii kwa haki, inafaa kwanza kukumbuka kinachoigwa. The Simpsons, iliyobuniwa na Matt Groening, ilianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman, kisha ikawa kipindi kamili cha nusu saa kwenye televisheni ya Fox ya Marekani kuanzia tarehe 17 Desemba 1989. Tangu wakati huo Homer, baba wa familia na mkaguzi wa usalama katika kiwanda cha umeme wa nyuklia, hajaacha kula donati, na mkuu wa polisi Wiggum hayuko nyuma yake. Katika toleo la kutisha la mwaka 1993, Homer anaiuza roho yake kwa shetani ili apate donati moja. Anapopelekwa jehanamu kuadhibiwa kwa kulishwa donati na mashine, anazimaliza zote na kuomba nyingine. Baadaye, mwaka 2007, filamu ya kipindi hicho ilipokaribia kutoka, maduka kadhaa ya 7-Eleven yalibadilishwa sura yakawa Kwik-E-Mart, duka la kwenye katuni hiyo, yakauza donati za pinki, na tangu mwaka 2013 bustani ya burudani ya Universal huko Orlando ina eneo lililojengwa kama Springfield, mji wanakoishi akina Homer, ambako huuzwa donati kubwa ya Lard Lad, duka la donati la kwenye katuni, inayoweza kugawanywa na watu kadhaa. Donati za aina hiyo zinafurahisha, ila ukubwa wake ni wa maonyesho. Ile anayokula Homer kila siku ni ya kiasi, inashikwa kwa mkono mmoja, na ndiyo inayolengwa na seti hii.

Kama inavyochorwa, donati hiyo ina tabia chache zinazoitambulisha papo hapo. Ni nene, tundu lake la katikati ni dogo, na mwili wake una rangi ya hudhurungi isiyokolea. Aisingi ni pinki moja bapa, na ukingo wake haukatwi kwa mstari ulionyooka bali unapinda kwa mawimbi mapana, ukiacha ukanda wa donati ukionekana pande zote. Punje za sukari ni chache, ni za rangi mbalimbali, na zimeachana kiasi kwamba mtu angeweza kuzihesabu. Hapo ndipo waokaji wengi, hata wenye mikono mizuri, wanapoteleza: wanamwaga punje mpaka pinki yenyewe inafunikwa, wanapata donati ya sherehe ya kuzaliwa, inayopendeza machoni lakini isiyo ya Springfield. Mchoraji wa katuni hufanya kazi kwa kupunguza, na anayemwiga kwa unga na sukari hana budi kupunguza vilevile.

Sasa trei. Ni ya chuma kizito kilichopakwa utando usioshika, na kila kishimo kina upana wa takriban sentimita 8, kipimo ambacho ni cha kawaida kwa trei za namna hii. Jambo la kutazama dukani, ambalo halitajwi kwenye maboksi, ni urefu wa kinundu cha katikati. Katika trei duni kinundu hukaa chini ya ukingo wa kishimo, na rojo likipanda kidogo tu linakimeza. Katika trei hii kinundu kinalingana na ukingo, na tofauti inaonekana wazi. Ukijaza theluthi mbili, rojo hupanda likafika juu na kuacha duara safi katikati. Ukijaza pomoni, hufunika kinundu, na ukiigeuza donati unakuta kitovu badala ya tundu. Kwa kumiminia, kijiko huchafua kinundu na kingo. Mfuko wa plastiki uliokatwa kona hufanya kazi nadhifu zaidi, kwani unazungusha rojo mara moja ndani ya kishimo na kuhamia kingine.

Trei hii ni nyeusi, na chuma cheusi hunyonya joto haraka kuliko kile kinachong'aa, kwa hiyo upande wa chini huiva na kukolea rangi kabla ya upande wa juu. Kwa nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 10 zinatosha, na anayeoka kwa oveni yenye feni ashushe hadi 160 au 170. Donati ikibonyezwa kwa kidole inapaswa kurudi yenyewe. Baada ya kuiva ziachwe ndani ya trei kwa dakika 5, kisha trei igeuzwe juu ya wavu wa kupozea, na zote sita huanguka bila kuhitaji kisu. Kisu kisikaribie kabisa, kwa sababu utando ukikwaruzwa, chuma kilicho chini yake hushika kutu. Kuosha ni kwa mkono, kwa sponji laini, na kukausha ni papo hapo.

Kuna jambo moja dogo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja na ambalo hubadilisha sura ya donati nzima. Upande uliolala ndani ya kishimo hutoka laini na wa mviringo kamili, ilhali upande uliokuwa wazi huwa na vibonyeo na nyufa ndogo. Picha ya kwenye boksi inaonyesha aisingi ikiwa imepakwa upande uliokuwa wazi, na aisingi nyembamba ikipakwa hapo hufuata kila ufa. Igeuze donati, upake upande wa ndani, nawe utapata uso laini unaofanana na mchoro.

Unga ndio ulioniudhi. Kwa kawaida viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi, na kwenye pakiti hii sukari imeitangulia ngano. Mnunuzi anatakiwa aongeze yai, mafuta na maji mwenyewe, maana yake ni kwamba alichokilipia ni sukari, ngano, baking pauda na vanila ya kutengenezwa ambayo harufu yake inajaza jikoni kabla hata rojo halijaingia kwenye oveni. Donati zilizotokana nazo zilikuwa tamu kupita kiasi hata kabla ya kupakwa aisingi, chumvi haikusikika, na kesho yake zilikuwa zinamomonyoka kwa kushikwa tu. Boksi linadai kwamba ladha ni ile ile ya donati ya kukaanga. Madai hayo si ya kweli, na hayawezi kuwa ya kweli kwa unga wowote ule, kwa sababu donati ya kuoka ni keki iliyovishwa umbo la pete. Ile ya kukaanga huingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 hadi 190, uso wake hukauka kwa kasi ukawa ganda jembamba, na ikiwa ni ya hamira huelea nusu juu nusu chini, ndiyo maana hubaki na mkanda mweupe kiunoni. Hewa kavu ya oveni haiwezi kuleta matokeo hayo. Wanaojaribu kuoka rojo la hamira ndani ya trei hii wakidhani watasogea karibu na donati halisi huishia na mkate mdogo wenye tundu. Heri keki nzuri inayojijua kuwa ni keki.

Keki hiyo nzuri haihitaji pakiti. Kwa vishimo sita, chekecha gramu 125 za unga wa ngano pamoja na kijiko kimoja cha chai cha baking pauda, robo kijiko cha magadi soda, robo kijiko cha chumvi na robo kijiko cha kungumanga iliyosagwa. Kungumanga isiachwe: ndiyo inayofanya ulimi ukumbuke donati na si keki ya kawaida, na kukosekana kwake katika pakiti ya seti kunanishangaza hadi sasa, kwa kuwa ni kiungo cha siku nyingi katika donati za Kimarekani zisizo na hamira. Katika bakuli jingine piga yai moja na gramu 70 za sukari, mililita 100 za mtindi, gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa na vanila kidogo. Mimina mchanganyiko huo juu ya unga na ukoroge mpaka usione tena unga mkavu, kisha uache, hata kama vidonge vidogo vimebaki. Anayeendelea kukoroga hadi rojo liwe laini kama rangi ya ukutani anakaza nguvu ya ngano, na donati hutoka ngumu, yenye mashimo marefu ndani. Mtindi una kazi mbili hapa, kwani asidi yake huamsha magadi soda na pia hulainisha keki, ambayo kwa hali hiyo hustahimili hadi siku ya pili.

Aisingi inastahili maneno mengi zaidi, maana donati hii ni pinki kwanza na kitu kingine baadaye. Pakiti ya seti ina sukari ya unga, wanga kidogo na rangi, na maelekezo yanataka ikorogwe na vijiko viwili vya mezani vya maji. Kiasi hicho ni kingi mno. Aisingi hutiririka pande zote, hushuka hadi kwenye wavu, na kinachobaki juu ya donati ni utando unaopitisha rangi ya keki, hivyo pinki inakuwa kama ya samaki. Anza na kijiko kimoja cha maziwa badala ya maji, ongeza matone machache machache, na pima kwa kuinua kijiko: ule uzi unaoanguka ubaki ukionekana juu ya bakuli kwa takriban sekunde 10 kabla ya kuzama. Ukizama mara moja, ongeza sukari ya unga. Usipozama kabisa, ongeza matone ya maziwa. Kijiko kimoja cha chai cha sharubati ya glukosi huipa mng'ao wa kiasi na kuizuia isipasuke ikikauka.

Mawimbi ya ukingoni hayapatikani kwa kuichovya donati moja kwa moja na kuiinua, kwani hapo ukingo hutoka kama umekatwa kwa bikari. Ichovye kwa kina kidogo, izungushe robo duara, kisha iinue ikiwa imeinama ili ziada idondoke upande mmoja. Ukiigeuza, zile sehemu nzito hujisogeza zenyewe zikafanya mapindo mapana. Pale ambapo wimbi limekosekana, lisukume kwa ncha ya kijiti cha meno aisingi ikiwa bado mbichi. Kazi hii huchukua nusu dakika kwa kila donati, na ndiyo sehemu ya kufurahisha kuliko zote. Donati lazima iwe imepoa kabisa. Karatasi ya maelekezo inasema ipakwe ikiwa vuguvugu, ushauri unaofaa kwa aisingi nyembamba ya kung'arisha lakini unaoharibu hii, kwa kuwa joto hulegeza sukari na mawimbi yote hulala chini.

Kuhusu rangi, pinki ya pakiti imekolea sana, na ina ukali usiofanana na ule upole wa kwenye katuni. Kuichanganya na sukari ya unga nyeupe, theluthi moja kwa theluthi mbili za pakiti, huileta karibu na inavyotakiwa. Anayetengeneza yake mwenyewe atumie rangi nzito ya jeli na achovye ncha ya kijiti tu, kisha asubiri dakika 15 kabla ya kuongeza, kwa sababu rangi hizo huendelea kukolea zikiachwa. Unga wa bitiruti pia hutoa pinki nzuri, na katika aisingi ambayo haipitii motoni rangi yake haififii kama inavyofifia ndani ya keki. Matone mawili ya maji ya limau huisaidia kubaki upande wa waridi, kwa kuwa mahali penye magadi rangi ya bitiruti hugeuka njano au kahawia. Ladha ya udongo itasikika kidogo ukizidisha, na hakuna dawa yake ila kupunguza. Ukiyeyusha chokoleti nyeupe badala ya aisingi, usitie rangi ya maji hata tone, maana chokoleti hujikusanya ikawa mabonge na hairudi. Kuna rangi za mafuta zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Lebo za rangi zisomwe, hasa na anayewaokea watoto. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2010 vyakula vyenye baadhi ya rangi za kutengenezwa, mojawapo ikiwa nyekundu ya E129, hulazimika kubeba onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Huko huko, titani dioksidi, yaani E171, ambayo ilitumika kuweupisha aisingi na punje za sukari, iliondolewa kwenye orodha ya viongezi vya chakula mwaka 2022. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Januari 2025 kwamba rangi nyekundu namba 3, ambayo huipa peremende na aisingi pinki yake inayowaka, itaondolewa katika vyakula, na watengenezaji wamepewa hadi Januari 2027. Seti iliyokaa sana kwenye rafu inaweza kuwa imetengenezwa kabla ya mabadiliko hayo, kwa hiyo tarehe na orodha ya viambato vitazamwe pamoja.

Punje za sukari za kwenye mfuko zinatosha, na hata zinabaki. Kasoro yake ni kwamba zile nyekundu na buluu hutoa rangi zikikutana na unyevu. Ukitazama kwa karibu baada ya saa chache unaona kila punje imezungukwa na duara dogo lililofifia. Dawa yake ni muda: punje ziwekwe dakika 2 au 3 baada ya kupaka, uso ukiwa umeanza kushika lakini haujakauka, ili zigande bila kuzama. Usinyunyize. Ziweke moja moja kwa mkono, zikielekea pande tofauti, kumi na mbili au kumi na tano kwa donati, kisha ujizuie. Watoto hawatakubali kujizuia, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Wapewe donati zao, nawe ubaki na mbili za kuiga mchoro.

Wapo watakaouliza kama kalibu ya silikoni, ambayo baadhi ya seti huitumia badala ya chuma, ni bora. Hutoa donati kwa urahisi, ila joto hupenya humo polepole, na donati hutoka na ngozi nyeupe yenye unyevu, isiyo na ile hudhurungi inayoifanya pinki ionekane. Pia hulegea ikijazwa rojo, hivyo ni lazima ikae juu ya trei bapa tangu mwanzo. Kwa kazi hii nachagua chuma bila kusita.

Kwa ujumla wa seti, basi, thamani yake inategemea unanunua nini. Trei ikiuzwa peke yake, inunuliwe peke yake, pamoja na sukari ya unga na chupa moja ya rangi ya jeli itakayodumu muda mrefu. Seti kamili inafaa kama zawadi kwa shabiki wa kipindi ambaye hajawahi kuoka, kwa sababu boksi lenyewe linavutia na kila kitu kimo ndani, mradi aambiwe mapema juu ya yale maji na ule upande wa kupaka. Mwokaji mzoefu hataona jipya humo zaidi ya trei. Na shabiki anayetaka ladha ya donati aliyoizoea dukani ajue kwamba hapa hataipata. Kwake yeye njia ni mafuta ya moto, hamira na subira, kisha aisingi hii hii juu yake.

Zilizokwisha pakwa ziachwe wazi kwa saa moja au zaidi kabla ya kufunikwa, maana zikifungiwa mapema mvuke huzilowesha na mawimbi huteleza hadi chini ya sahani. Zisiwekwe kwenye friji, ambako keki hukauka na aisingi hutoa jasho zikitolewa. Zisizopakwa hugandishwa vizuri kwa mwezi mmoja au miwili zikiwa zimefungwa moja moja, na zikishayeyuka hupakwa siku ile ile ya kuliwa.